Safari ya Siku Tano

Watu wengi hudhani kwamba safari huanza siku ya kuondoka. Mimi nimejifunza kwamba huanza mezani, mbele ya karatasi tupu na kalamu, na ya kuwa kosa litendwalo hapo ni taabu kulirekebisha baada ya chombo kung'oa nanga. Nataka kuwasimulia, enyi wanafunzi, jinsi nilivyopanga likizo fupi ya watu wanne wa nyumbani kwangu katika mji wa Dubai, na jinsi mpango wangu wa kwanza ulivyokuwa mzuri kwa kila jambo isipokuwa lile moja lililokuwa na maana.

Sisi ni watu wa Lamu, na nchi za Ghuba kwetu si ngeni. Babu yangu mzaa mama alikuwa baharia katika miaka ya 1950, wakati majahazi ya Arabuni yalipokuwa yakija kwetu kwa upepo wa kaskazi na kurejea kwao kwa kusi. Yalileta tende, chumvi na mazulia. Yalirudi na boriti za mikoko, zilizohesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Nchi ile ya mchanga haina misitu ya miti ya kujengea, kwa hiyo boriti za pwani yetu zilibeba dari za nyumba nyingi za huko, na upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ilipiga marufuku kupeleka boriti nchi za nje, ili mikoko isimalizike. Biashara ile ikakoma, walakini watu hawakukoma kwenda.

Mmoja wao ni dada yangu. Aliondoka mwaka 2009, akapata kazi ya kusafisha vyumba katika hoteli moja ya Dubai. Mwaka uliofuata mimi niliingia chuo cha ualimu, na karo yangu yote ililipwa kwa mshahara wake. Hakukosa kuileta hata muhula mmoja. Tangu alipoondoka amerudi Lamu mara nne tu, na mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2022. Mama yetu akimtaja, hutaja kwanza hesabu ya miaka, kisha jina.

Kwa muda wa miaka mitatu mimi na mke wangu tuliweka akiba kidogo kidogo katika chama cha ushirika cha walimu. Akiba ilipotosha, tuliwaambia watoto kwamba tutakwenda Dubai siku tano. Binti yetu ana miaka 11, na ndugu yake miaka saba. Usiku ule hawakulala mapema.

Nilianza kupanga kama nilivyofunzwa kutayarisha kazi ya darasani. Kwanza niliangalia majira. Likizo ya Agosti haifai, kwa kuwa mwezi huo joto la Dubai hupita nyuzi 40 mchana, na mtu hutembea akitafuta kivuli kama kuku. Desemba ni afadhali. Joto la mchana huwa karibu nyuzi 25. Kisha nikatazama hati. Kila mmoja wetu, hata mtoto, alihitaji pasipoti ambayo muda wake haujakaribia kwisha, na viza iliyoombwa mapema. Nikaandika pia mambo ya kukatazwa: miraa, ambayo kwetu huuzwa sokoni mchana, huko ni kosa kubwa kuwa nayo; na dawa za hospitali sharti ziulizwe kwanza kama zinaruhusiwa. Nikaandika kwamba saa za Dubai zimetangulia zetu kwa saa moja, na kwamba ndege hutumia muda wa saa tano hivi kutoka Nairobi. Kufika Nairobi kwenyewe kulitaka mashua mpaka Mokowe, basi mpaka Mombasa, na treni.

Jioni tulikaa na ramani, nikawafundisha watoto habari za mji wenyewe. Niliwaambia kwamba zamani watu wa huko waliishi kwa kuvua samaki, kufanya biashara, na kupiga mbizi kutafuta lulu, mpaka biashara ya lulu ilipoanguka katika miaka ya 1930. Mafuta yaligunduliwa mwaka 1966. Mwaka 1971 Dubai na jirani zake wakaungana kuwa Falme za Kiarabu. Mvua ni haba mno, hata maji mengi ya kunywa hutolewa chumvi ya bahari kwa mitambo. Nikawaonyesha picha ya Burj Khalifa, mnara uliofunguliwa mwaka 2010, ambao urefu wake ni mita 828 na ghorofa zake zapita 160. Mwanangu mdogo aliitazama picha ile muda mrefu, kisha akauliza, "Baba, nani anayesafisha madirisha yake?" Nilicheka tu, sikumjibu.

Baada ya wiki mbili mpango wangu ulikamilika. Niliupiga mistari kwa rula, nikaandika siku, saa, mahali na gharama. Tungefika Jumatano na kuondoka Jumapili, kwa sababu siku hizo nauli ya ndege ilikuwa nafuu. Tungepanda mnara, tungekwenda jangwani kwa gari, tungetembelea maduka makubwa. Kwa dada yangu niliandika: "Ijumaa, saa mbili usiku mpaka saa nne." Nilijua kwamba siku yake ya mapumziko ni Jumanne, na kwamba siku nyingine hutoka kazini jioni akiwa amechoka. Lakini nilipomweleza kwa simu, aliniambia nisijali, hata saa moja ingemtosha. Nami nikayapokea maneno hayo kwa wepesi, kama mtu anayepewa chenji zaidi asiihesabu.

Mama hasomi vizuri bila miwani, kwa hiyo alimwomba binti yangu amsomee karatasi ile. Mtoto alisoma mstari kwa mstari kwa sauti ya fahari. Alipomaliza, mama aliuliza, "Na siku ya mwanangu ni ipi?" Mtoto akatafuta, akasoma tena ile Ijumaa usiku. Mama hakugomba. Alisema, "Saa mbili. Basi." Akaendelea kuchambua mchele wake.

Usiku ule niliichukua karatasi nikaiweka chini ya taa. Katika chuo cha ualimu mwalimu wetu hakukubali kusoma andalio la somo lisiloanza na shabaha. Hata kama mifano ilikuwa mizuri na picha zimechorwa kwa ustadi, aliirudisha karatasi akisema, "Unataka wanafunzi wafike wapi?" Nilitazama mpango wangu toka juu mpaka chini, nikaona kwamba nilikuwa nimeandika siku, saa, mahali na gharama, shabaha sikuiandika. Na kama ningeiandika kwa unyofu, ningeandika haya: tunakwenda ili turudi tukasimulie. Maana nilikwisha watangazia walimu wenzangu habari za ule mnara, nami nilikuwa nimeanza kuonja sifa kabla ya safari.

Kesho yake nilimpigia dada simu nikamwuliza anataka nini hasa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Miaka yote hii nawatandikia vitanda wageni wa watu. Sijapata mgeni wangu mwenyewe." Hakusema kwa kunung'unika; alisema kama mtu anayetaja bei ya kitu. Nikamwambia, "Dada, tutakuwapo Jumanne, tangu asubuhi mpaka usiku." Akauliza mara mbili kama ni kweli.

Si kila jambo jema huja bila gharama, na hii ilikuwa na gharama yake. Ili Jumanne iwe katikati ya safari, ilitupasa tufike Jumapili na kuondoka Alhamisi, na nauli za siku hizo zilizidi zile za kwanza. Mimi na mke wangu tulihesabu tena. Tiketi za kupanda mnara kwa watu wanne zilizidi gharama ya kulala usiku mmoja katika hoteli ya kawaida ya Deira. Mke wangu akasema, "Baba watoto, mnara hauhami." Tukaufuta. Tutautazama kutoka chini, bure, kama wautazamavyo wengi wa wale wanaofanya kazi katika mji ule.

Binti yetu alilia. Alikuwa amewaahidi wenzake picha ya juu kabisa. Nilimweleza kwamba karo yangu ya chuo, na kwa hiyo mshahara wangu, na kwa hiyo safari yenyewe, vyote vilitoka katika mikono ya shangazi yake. Alisikia, lakini hakufurahi, wala sikumlazimisha afurahi. Mtoto ana haki ya kuhuzunika kwa ahadi iliyovunjwa, hata ikivunjwa kwa sababu njema. Kosa lilikuwa langu, niliyeahidi kabla ya kufikiri.

Mpango mpya ni mfupi kuliko wa kwanza. Jumatatu tutapanda treni za mjini zisizo na dereva, zilizoanza kazi mwaka ule ule aliofika dada yangu. Watoto wamekwisha onywa kwamba ndani yake hairuhusiwi kula wala kunywa. Jumatano tutakwenda jangwani kuona mchanga usiokuwa na mwisho. Jumanne hatukuipanga sisi. Imepangwa na dada. Asubuhi atatujia Deira. Tutavuka hori la Dubai kwa mashua ndogo iitwayo abra, kisha tutatembea katika mtaa wa kale wa Al Fahidi, wenye vichochoro vyembamba na minara ya kuvutia upepo ndani ya nyumba. Anataka tuone chumba kimoja ambacho dari yake ni ya boriti. Aliniambia kwamba mara nyingi, siku yake ya mapumziko, huenda huko peke yake akatazama juu, kwa kuwa dari ile inafanana na ya nyumba yetu. Kama boriti zile zilipakiwa na babu au na baharia mwingine, hakuna ajuaye. Lakini sikujua kwamba katika mji ule wa vioo na chuma dada yangu alikuwa na mahali pake pa kuitazama Lamu. Wala nisingalijua kama nisingaliuliza.

Mama aliposomewa karatasi ya pili, alisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kisha akaanza kufunga mzigo: chupa ya achari ya embe, visheti, mabuyu, na leso mbili mpya. Magoti yake hayamruhusu safari ndefu, basi amepeleka alichoweza. Tumeupima mzigo wake, umefika kilo nne, na mke wangu ametoa viatu vyake vya pili katika sanduku ili upate nafasi.

Wanafunzi wangu, huenda siku moja nanyi mtapanga safari, ya mbali au ya karibu. Angalieni majira, hesabuni fedha, someni sheria za nchi mnayokwenda. Mambo hayo ni ya lazima, na asiyeyafanya hujuta. Lakini kabla ya kupiga mstari wa kwanza, andikeni juu ya karatasi mnakwenda kwa ajili ya nani. Mimi niliandika jambo hilo mwisho, na nafasi iliyobaki ilikuwa ndogo. Ilinibidi niandike kwa herufi nyembamba, pembeni.