Vituo vya Njiani Mbooni

Waambao waliamba kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Cha mama huyu kilikuwa kifuani, wala hakikumuudhi alipoketi, kilimngoja mlimani.

Alizaliwa Kitui, ambako wakati wa kiangazi maji huchimbwa katika mchanga wa mito iliyokauka. Tangu usichana alibeba mtungi wa lita 20 mgongoni, ukanda ukiwa kipajini, asijue kuhema. Kisha akaolewa Mbooni, Makueni, na huko maji yakawa bondeni ilhali nyumba i juu. Kwa miaka mingi alipanda bila kutua. Alipotimu miaka 40 alianza kutua mara moja, chini ya mwembe. Mwaka uliofuata vituo vilikuwa vitatu. Mavyaa wake alinong'ona kuwa mkaza mwana amekuwa mvivu. Naye mwenyewe, na hili ndilo la kusikitisha zaidi, akaanza kusadiki.

Katika zahanati moja alipimwa akiwa ameketi benchini. Mapigo yalikuwa 76 kwa dakika. Akaambiwa moyo ni mzima, apunguze mawazo. Hakudanganywa kwa kusudi. Moyo uliotulia husukuma takriban lita 5 za damu kwa dakika, na hata ulio mgonjwa huweza kuimudu kazi hiyo. Tofauti hujitokeza katika jitihada: moyo wa mtu wa kawaida hufikia lita 20 hivi, wa mwanariadha hodari hupita 30. Benson Masya, mzaliwa wa Kitui aliyetwaa ubingwa wa kwanza wa dunia wa nusu-marathoni huko Newcastle mwaka 1992 kwa saa 1 na sekunde 24, naye kwenye benchi lile asingehitaji zaidi ya lita hizo chache.

Baadaye, katika hospitali nyingine, tabibu kijana hakuridhika na benchi. "Mwaitu, hebu tutembee kidogo," akamwambia, wakaenda wakirudi ujiani, saa ikihesabu dakika 6. Katika dakika ya 3 alishika ukuta. Mapigo yalikuwa 138.

"Mwanangu," akasema, "hapa ndipo penye mwembe wangu."

Kipimo cha mawimbi ya sauti kilionyesha kilango kimoja cha moyo kimesinyaa, kovu la homa ya baridi yabisi iliyofuata maradhi ya koo ya utotoni yasiyotibiwa. Damu hupita hapo katikati ya pigo na pigo. Moyo ukienda mbio, nafasi hiyo hufupika, damu hurudi nyuma na kujaa mapafuni, na pumzi hukatika. Kwa hiyo alipewa vidonge vya kupunguza kasi ya moyo. Alicheka: nani humpunguzia punda mwendo ili afike mbali?

Lakini alifika. Siku hizi hutua mara moja tu, mwembeni, akingoja zamu yake ya upasuaji Nairobi. Mtungi hubebwa na mumewe, naye mavyaa huwatazama wakipanda, asiseme neno.