Jicho la Nani? Mwelekezi na Mpigapicha katika *Watu Wote*

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili tumezoea kuuliza swali la nafsi: ni nani anayesimulia, naye amesimama wapi? Tukilihamishia swali hilo kwenye filamu, mara nyingi tunalijibu kwa kumtaja mwelekezi peke yake, kana kwamba mpigapicha ni karani wa kunakili anachoambiwa. Filamu fupi *Watu Wote* (2017) imenifanya niyatilie shaka mazoea hayo.

Filamu hii ya dakika 22 ilielekezwa na Katja Benrath na kupigwa picha na Felix Striegel, ikiwa kazi ya kuhitimu masomo katika Hamburg Media School, Ujerumani. Mwaka 2018 iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Chimbuko lake ni shambulio la tarehe 21 Desemba 2015 katika eneo la Mandera, ambapo abiria Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo waliosafiri nao basi moja. Mwalimu Salah Farah, aliyepigwa risasi siku hiyo, alifariki Januari 2016.

Kisa kinamfuata Jua, Mkristo aliyeuliwa mume na mtoto na magaidi, ambaye sasa anasafiri akiwa amezungukwa na Waislamu. Uamuzi wa kumfanya Jua mhusika mkuu ungebaki nia tupu bila mpigapicha kuukadiria umbali: uso wake uwe karibu kiasi gani, na nyuso za wengine zionekane lini. Mwelekezi huchagua nafsi. Mpigapicha huipa mahali pa kukaa. Basi hofu ya Jua hatuelezwi. Tunaketi nayo kitini.

Kwetu Isiolo, umbali huo una historia. Mji huu ulikuwa makao ya George na Joy Adamson, waliomlea simba jike Elsa. Kisa chao kikazaa filamu *Born Free* (1966), ambamo wenyeji wa kaskazini wako pembezoni. Kamera kuingia ndani ya basi na kukaa miongoni mwa abiria ni hatua kubwa. Hata hivyo, nilipoitazama *Watu Wote* mjini humo pamoja na jamaa zangu, mzee mmoja jirani aliniuliza: "Mwalimu, mbona sisi tunatazamwa tu? Sisi hatuna macho?"

Swali hilo ni la kihakiki hasa. Kwa kuwa kamera imeambatana na Jua, Waislamu wanasomwa kwanza kupitia shaka yake. Faida yake ni kubwa: anapositiriwa kwa hijabu na wale wale aliowaogopa, mtazamaji aliyekuwa akishiriki hofu hiyo hana pa kujificha. Hasara nayo ipo: tunamwona Salah akisimama, lakini hatujui alichokiona kabla ya kusimama.

Faida na hasara hizo zimetoka katika uamuzi mmoja, na uamuzi huo una wenyewe wawili. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika kuhusu mtazamo katika filamu bila kumtaja mpigapicha ameacha nusu ya msimulizi nje ya tasnifu yake. Ama lile swali la mzee, uhakiki peke yake hauwezi kulijibu. Linangoja mwelekezi na mpigapicha watakaokubaliana kuiweka kamera kwenye kiti cha Salah.