Kongwe au Kuukuu?

Kwa muda wa wiki tatu nimekuwa nikipima jambo ambalo mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mkaazi wa Kengeja, hatarajiwi kulipima: ninunue au nisinunue gari la mbio la zamani. Gari lenyewe ni Datsun 240Z. Limefungiwa katika banda moja mjini Tanga, na bei yake ingemeza karibu nusu ya kiinua mgongo changu. Wasomaji wetu wamezoea kuletewa habari za vina na mizani. Leo nawaletea habari ya gari, ila naomba wanivumilie, kwa kuwa kilichonisaidia kuamua ni maneno.

Kwanza nieleze mapenzi haya yalikotoka. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 mshindi alikuwa Edgar Herrmann, na gari lake lilikuwa Datsun 240Z. Mwaka 1973 gari la aina hiyo hiyo lilishinda tena, safari hii likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Ushindi huo wa pili ndio uliozungumzwa sana, kwa sababu Mehta na Harry Källström wa Sweden, ambaye naye aliendesha Datsun ya namna nyingine, walimaliza wakiwa wamelingana alama za adhabu, ikabidi kanuni itumike kuwatenganisha. Nilikuwa mtoto wa chuoni wakati huo. Habari zile zilitufikia kwa redio ya mkulima mmoja aliyeiweka dirishani jioni, nasi tukakaa chini ya ukuta wake tukisikiliza majina ya watu na miji tusiyoijua. Jina la gari lilinikaa kichwani kabla sijaona hata picha yake.

Neno lenyewe, safari, lilinifurahisha zaidi nilipokua. Sisi tuliupa ulimwengu neno hili, na Wazungu wakalichukua kwa maana ya kwenda kuwinda au kutazama wanyama. Kwetu halijabagua kitu. Anayekwenda Makka yuko safarini, na anayetoka Kengeja kwenda Mkoani kununua sukari naye yuko safarini. Mashindano yale yalilirejeshea neno sehemu ya heshima yake: njia ndefu, vumbi, matope, na mtu asiyejua kama atafika.

Sasa turudi Tanga. Nilipolitia machoni gari lile kwa mara ya kwanza nilikosa jina la kuliita. Katika vitabu vya tafsiri nimekutana na "gari la michezo". Tafsiri hiyo haijawahi kuniridhisha. Mchezo kwetu ni bao, ni mpira, ni mchezo wa ng'ombe. Ukimwambia mzee wa Kengeja kwamba umenunua gari la michezo, atakuuliza ni mchezo gani, na kama umekosa kazi ya kufanya. Watu wa kawaida husema gari la mbio, gari la mashindano, au gari la resi. Nami nimeshika "gari la mbio", kwa kuwa angalau linasema kazi yake.

Baada ya jina la aina, likaja suala la sifa, na hapo ndipo lugha ilipoanza kunifanyia kazi. Kiswahili hakitosheki na neno moja la uzee wa vitu. Kuna -a kale na -a zamani, ambayo hutaja wakati tu bila ya kusifu wala kulaumu. Kuna chakavu, ambalo limetokana na kuchakaa, na linakumbusha matumizi ya kila siku. Kuna kuukuu, linalokaa vizuri kwenye nguo na mkeka. Kuna kongwe, ambalo asili yake ni mtu na lina heshima ndani yake. Kuna gofu, kitu kilichobaki maungo bila ya uhai. Na kuna mkweche, ambalo kila mpanda gari wa mashamba analijua kwa mgongo wake. Anayekuuzia kitu cha zamani anakuuzia pia mojawapo ya maneno haya, na mnunuzi hana budi kuuliza kama neno na kitu vinalingana.

Dalali alichagua neno lake mapema. "Mwalimu," aliniambia huku akipangusa vumbi kwenye boneti ile ndefu, "hili usiliite gari kuukuu. Hili ni gari kongwe." Nilikubali moyoni kwamba amechagua vyema. Injini ya silinda sita, ujazo wa lita 2.4, kabureta mbili zimekaa sambamba, na umbo lililochorwa Japani zaidi ya nusu karne iliyopita ambalo bado linamgeuza mtu shingo. Liliwashwa likaitika, kwa kukohoa kidogo.

Lakini dalali alisahau upande wa pili wa neno lake. Mkongwe si mtu wa kuheshimiwa tu. Mkongwe hushikwa mkono, huwekewa chakula laini, huwa na mtu wa kumsikiliza usiku akikohoa. Lugha yetu imempa pia mkongojo. Kukubali kwamba gari ni kongwe ni kukubali kuwa mtumishi wake, na swali linalofuata ni la utumishi: nani atazirekebisha kabureta mbili zikipishana, na kipuri kitatoka wapi?

Fundi niliyekwenda naye hakutaka mjadala wa lugha. Alilala chali chini ya gari akiwa na tochi na bisibisi, akawa anagonga na kusikiliza, kama mtu anayechagua nazi sokoni. Alipotoka alisema neno moja: "Kuukuu." Kisha akanifahamisha. Gari la namna ile halina chesisi ya peke yake ambayo bodi imewekwa juu yake. Bodi na chesisi ni kitu kimoja, kwa hiyo kutu ikila sakafu, imekula mifupa. Chini ya kiti cha dereva bisibisi ilizama kama kwenye mhogo uliooza, na pale panapokaa betri chuma kilikuwa kimebaki ganda. Tanga ni mji wa pwani, na Kengeja nako upepo wa bahari hauna mbali pa kutoka. Kulitoa gari lile katika chumvi moja na kulipeleka katika chumvi nyingine si kuliokoa.

Mtoto wa ndugu yangu, aliyeko Maskati, alinipigia simu kunishawishi. "Ami, wewe nunua tu," alisema. "Huku nje magari hayo yanauzwa kwa maelfu ya dola." Alisema kweli. Ila yanayouzwa kwa bei hiyo ni yale yaliyotengenezwa yakatengenezeka, na mwenye kulipa gharama za kuyatengeneza hulipa kwanza, akingoja mnunuzi baadaye. Juu ya hayo kulikuwa na nauli ya meli ya kulivusha, ushuru, na kulisajili kwa namba za Zanzibar, zinazoanza kwa herufi Z. Nilikiri kwamba herufi hiyo ilinichekesha: 240Z yenye Z mbele na Z nyuma. Mshairi hujiona amepata ishara pale vina vinapogongana. Mahesabu yalibaki vile vile.

Mke wangu hakutaja uzee wa gari hata mara moja. Alinitazama picha kwenye simu, akauliza: "Linachukua watu wangapi hilo?"

Wawili, nikamjibu.

Akairejesha simu mkononi mwangu, akaendelea kuanua karafuu, kwa kuwa wingu lilikuwa linakuja.

Mtu wa mjini huenda asilione zito swali lile. Katika vijiji vyetu gari lina mwenyewe mchana. Usiku ni la wote. Masika yaliyopita jirani yetu alishikwa na uchungu saa nane za usiku. Gari lililompeleka Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, halikuwa la mumewe wala la ukoo wake. Mwenye gari alibishiwa hodi, akaamka, akatafuta funguo. Mzazi alilazwa kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mama yake, na mkunga akabanana mbele. Hakuna aliyeuliza bei ya mafuta kabla ya kufika. Ndiyo maana watu wa kwetu, wakiona gari jipya limeingia kijijini, hawaulizi kasi yake. Huuliza linachukua watu wangapi, na wanaouliza huwa wanajihesabu humo.

Lugha imelijua jambo hili kabla yetu. Gari lilipofika mwambao, tulilikuta na majina ya baharini yakilisubiri. Usukani ni wa jahazi kabla ya kuwa wa gari. Gari nalo tukaliita chombo, na mpaka leo serikali huandika "vyombo vya moto". Kazi ya kwanza ya chombo ni kubeba, na nahodha hupimwa kwa aliowafikisha. Gari la mbio ni chombo ambacho sehemu ya kubebea watu imetolewa ili pua irefuke. Kwa mashindano hiyo ni hekima kubwa. Miaka ile ya sabini madereva wa Safari walikwenda zaidi ya kilomita 5,000 kwa siku chache, na kila kilo iliyopunguzwa ilikuwa faida. Kisiwa cha Pemba, kutoka ncha hadi ncha, ni kiasi cha kilomita 67, barabara zake ni za vilima na makona, na pembeni yake kuna watoto wanaotoka chuoni. Nikishamaliza kisiwa kizima asubuhi moja, nifanye nini na kasi iliyobaki?

Hata hivyo sitaki kulidharau lile nililolipenda. Mtu aliyelinunua gari lile kwa sababu analipenda, ana fundi wa kulitunza na kijiji kisichomhitaji usiku, hana kosa lolote. Kitu kizuri kina haki ya kutunzwa na mwenye uwezo wa kukitunza. Mimi uwezo huo nimeupima nikauona ni wa nusu, na mkongwe hatunzwi kwa nusu. Usiku wa kuamua niliandika ubeti mmoja, ambao nauweka hapa kwa wenye kupenda kuhesabu mizani:

Gari langu la ndotoni, pua ndefu yasifiwa,
Jina lako utotoni, kwa mawimbi nikapewa,
Leo u humo bandani, bei yako naambiwa,
Mgonjwa nimweke wapi, viti vyako ni viwili?

Kituo hicho kilikuja chenyewe, nami nilipokiandika nilijua kwamba nimeshaamua. Nilitaka ubeti wa pili ulijibu swali hilo kwa faida ya gari. Nilikesha nao, na kila jibu lililotimia mizani lilikuwa la uongo. Asubuhi nilimpigia dalali nikamshukuru kwa taadhima. Alinitakia heri, akasema yuko mtu wa Arusha anayeliulizia. Nimemwombea mtu huyo fundi mwema na hewa kavu.

Fedha bado ipo. Mke wangu na mimi tunatafuta gari dogo la abiria, la zamani vile vile, kwa kuwa jipya hatuliwezi. Litakuwa chakavu, naam, lakini kiti chake cha nyuma kitalaza mtu.

Limebaki deni moja la lugha. Nimetaja sifa za uzee ninazozijua mimi kwa usemi wa kwetu Kusini Pemba. Naamini Lamu, Mombasa, Bagamoyo na Kigoma wana maneno mengine ya gari lililokula miaka: la kulisifu, la kulicheka, na la kulikataa bila ya kumvunja moyo muuzaji. Mwenye nalo asitunyime, kwa sababu bado sijanunua, na huenda nikalihitaji.