Milango Miwili ya Mama Mdogo

Kwa sisi tunaoandika habari za Dodoma, mjadala wa Uislamu, demokrasia na haki za wanawake huja kwa misimu, kama zabibu. Bunge likikutana, unapamba moto, likiahirishwa, unanyamaza. Na kila unapokuja, wasemaji ni walewale: mwanaume anayesema dini yake inaonewa, na mwanaume mwenzake anayemjibu kwamba serikali haina dini. Mwanamke wa Kiislamu, ambaye ndiye anayeolewa, anayeachwa na anayerithi, hutajwa kama mfano tu.

Nilikuwa ripota mchanga mwaka 2014, Bunge Maalumu la Katiba lilipokaa hapa Dodoma chini ya Samuel Sitta, makamu wake akiwa Samia Suluhu Hassan. Suala la Mahakama ya Kadhi lilipandisha watu joto. Waliolitaka waliuliza: Zanzibar ipo, Kenya ipo, kwa nini Tanzania Bara isiwepo? Waliolikataa walisema dola isijiingize kwenye mambo ya ibada. Mwezi Oktoba Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa bila mahakama hiyo. Mwaka 2015 serikali ikaleta muswada wa kuitambua, maaskofu wakaupinga, ukaondolewa. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika 30 Aprili 2015 nayo ikaahirishwa.

Daftari langu la wakati ule limejaa hoja za Muungano, za heshima ya dini na za hofu ya udini. Kurasa zinazohusu matunzo ya watoto, au nani awe na neno la mwisho mjane anaponyimwa fungu lake, hazifiki tano. Wenzetu wa Kenya, walipoibakiza Mahakama ya Kadhi kwenye Katiba yao ya 2010, waliandika pia, katika ibara ya 24, kwamba vifungu vya usawa vinaweza kupunguzwa makali kwa Waislamu wanaokwenda kwa Kadhi katika mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu. Hapo ndipo penye kiini. Usawa unapunguzwa kiasi gani, na aliyekubali upunguzwe ni nani? Swali hilo ningependa kulisikia likigombaniwa hapa kwetu mpaka usiku.

Watu wengi wa mjini, hasa wasomi wenzangu, wanadhani jibu wanalijua: dini ndiyo inayomfunga mwanamke, na sheria ya nchi ndiyo inayomfungua. Mimi kwetu ni Kondoa, na nimemwona mama yangu mdogo akipita kwenye milango yote miwili.

Aliishi na mumewe zaidi ya miaka ishirini. Walikuwa na nyumba ya bati na shamba la alizeti alilolipalilia yeye, mara nyingi akiwa na mtoto mgongoni. Siku alipopewa talaka, aliambiwa akae eda yake kisha arudi kwao na vyombo vyake. Shamba lilikuwa kwa jina la mume. Ndugu wa mume wakasema dini imeshamaliza.

Mama mdogo hakukimbilia kwa mwanasheria. Alikwenda kwanza kwa shehe, kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, akauliza kitu kimoja: “Shehe, mahari yangu nilipewa nusu. Nusu nyingine iko wapi?” Baraza zima likanyamaza. Mahari ni haki ya mke mwenyewe, na isiyolipwa ni deni. Hakuna shehe anayeweza kulikana hilo. Mume akaamriwa alipe.

Kisha akaomba hati kwamba usuluhishi umeshindikana, akaenda nayo Mahakama ya Mwanzo kudai mgawanyo wa mali. Shemeji mmoja akamfokea: “Unatupeleka kwenye sheria za kikafiri?” Akamjibu, “Nilianza kwa shehe. Wewe ulikuwa wapi?”

Njia hiyo hakuibuni yeye. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ugomvi upite kwanza barazani, na mabaraza hayo yanaweza kuwa ya jumuiya za dini. Talaka ya Kiislamu nayo mahakama huizingatia. Tena, mwaka 1983, katika kesi ya mwanamke Mwislamu aliyeachwa, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilisema kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Cha kusikitisha, mwanamke yule mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa sababu mahakama iliona fedha alizokuwa amepewa na mumewe kufanyia biashara zilitosha kuwa fungu lake. Waliokuja nyuma yake ndio waliofaidi. Mama mdogo alitoka na ekari mbili.

Sheria hiyohiyo, lakini, ina doa. Inaruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na hata 14 kwa idhini ya mahakama, wakati mvulana kwa kawaida anasubiri 18. Rebeca Gyumi, mzaliwa wa Dodoma, alivipinga vifungu hivyo Mahakama Kuu akashinda Julai 2016. Serikali ikakata rufaa. Na mojawapo ya hoja zake, sikilizeni, ilikuwa kwamba Mahakama Kuu imekosea kuiweka kando sheria ya Kiislamu na ya kimila. Serikali isiyo na dini, ilipobanwa juu ya wasichana, ikaikumbuka dini! Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Mahakama Kuu ilikuwa imetoa mwaka mmoja sheria irekebishwe. Mwaka ulipita, na mingine ikafuata.

Kwa hiyo siamini tena kwamba ugomvi huu ni kati ya Uislamu na demokrasia. Kila mmoja huazima kimoja au kingine kulingana na anachotaka kukilinda: shemeji aliishika dini kulinda shamba, na serikali ikaishika kulinda kifungu cha sheria.

Wala demokrasia si mgeni kwa wanawake wa Kiislamu wa nchi hii. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed, Mwislamu, mwimbaji wa ngoma asiye na shule kubwa, alianza kuwaingiza wanawake TANU kwa maelfu kupitia vikundi vya ngoma. Lakini Sheria ya Ndoa ilipopitishwa mwaka 1971, yeye alikuwa kifungoni kwa kesi ya uhaini, aliachiwa 1972. Leo Rais ni mwanamke Mwislamu. Ni jambo kubwa, bwana, lakini kiti kimoja Ikulu hakijazi viti vya baraza la Kondoa, ambako mama mdogo alijieleza mbele ya wanaume watupu.

Kama Mahakama ya Kadhi itarudi mezani, na itarudi tu, ningeanzia pale. Kabla ya kuuliza iwemo kwenye Katiba au isiwemo, tuulize wanawake wangapi watakaa upande wa pili wa meza, wakiamua.