Njia ya Kwenda Alfajiri

Atokaye Uvira kwenda Bukavu huliacha Ziwa Tanganyika nyuma yake. Milima humsindikiza mkono wa kushoto, na bonde la Ruzizi latanda mkono wa kuume. Hupita Kiliba, mahali palipojulikana zamani kwa sukari, kisha Sange, Luvungi na Kamanyola. Hapo tambarare yakoma. Barabara yakwea magenge ya Ngomo, na joto lageuka kuwa baridi, kwa maana Ziwa Kivu liko juu kuliko letu kwa karibu mita 700.

Sisi walimu tumewaona watoto wengi wa ufukwe wakiishika njia hiyo kwa ajili ya shule moja. Ndiyo Kolegi Alfajiri, iliyoanzishwa na Mapadre Wajezuiti mwaka 1938, mji ulipokuwa ukiitwa Costermansville. Mwanzoni ilikuwa ya watoto wa Wazungu. Waafrika walifunguliwa mlango baadaye. Mwaka 1974 Serikali ilizitwaa shule za misheni, na kwa mapatano ya mwaka 1977 ikazirudisha chini ya uongozi wa Kanisa, zikibaki shule za umma. Wengi huomba nafasi Alfajiri, wachache hupokelewa.

Sifa ya shule kwetu hupimwa kwa Mtihani wa Serikali, ulioanza mwaka 1967. Matokeo yatangazwapo, vijana waliofaulu humwagiwa poda nyeupe kichwani, na mtaa mzima hushangilia. Ni furaha ya haki. Lakini, wazazi wapendwa, tuipime vema. Shule ichaguayo mbegu bora haina budi kuvuna vizuri. Mwalimu ampokeaye mtoto wa kadiri, katika darasa lililojaa, akamfikisha kwenye ushindi, naye astahili sifa, hata kama hakuna amtajaye.

Tena sifa hiyo ina gharama. Elimu ya bure iliyoanza mwaka 2019 ilihusu shule ya msingi tu. Sekondari iliachwa mabegani mwa wazazi. Mama auzaye ndakala sokoni ahesabu minervali, primu ya mwalimu, nauli, na chakula cha mwana alalaye mbali. Mara nyingi mmoja husomeshwa, na dada yake hubaki nyumbani.

Kisha vita vikatufunza jambo jingine. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, wakafika hata Kamanyola, na bonde tulilolipita kwa amani likawa uwanja wa mapigano. Mzazi aliyekuwa Uvira na mwana aliyekuwa Bukavu wakatengwa na mstari wa bunduki. Siku hizo wengi waliuliza: je, sharti elimu njema ikae mbali hivyo?

Uvira haikosi shule. Zipo Institut Mwanga na Institut Zawadi ya Rais, na nyingine nyingi kando ya ziwa. Zikipata vitabu, maabara, na mshahara umfikiao mwalimu kwa wakati, hazitashindwa kulea vijana hodari.

Hatusemi Alfajiri isahauliwe. Twasema kwamba mtoto aliyechaguliwa ana deni kwa wale wasiochaguliwa. Mto Ruzizi hupokea maji Kivu na kuyaleta Tanganyika kila siku. Vijana wetu waliopanda wakapokea, nao washuke walete.