Siku Kumi za Boda

Tangu TP iishe wengi mmekuwa mkiuliza nimepotelea wapi, Mlimani sionekani, simu nayo haishikiki. Sijapotea bwana. Niko Mabwepande kwa Mamkubwa, nakula mihogo na kunde, na kazi yangu kubwa likizo hii imekuwa kukimbizana na mbwa.

Kwa wasiopajua huku: toka chuo nenda Mwenge, shika daladala ya Bunju, halafu malizia na pikipiki au bajaji. Ni Kinondoni ileile ya Masaki na Oysterbay, ila usije na viatu vyako vya disko. Kuna mikorosho, kuna mashamba ya mihogo katikati ya nyumba, na msitu wa Pande hauko mbali. Mamkubwa alikuwa mtu wa Jangwani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa, na mwaka 2012 serikali ikawapa viwanja huku. Walianzia kwenye mahema, na anasema usiku kulikuwa giza hata kwenda chooni unasindikizwa. Ndipo yeye, mtu wa mjini ambaye hajawahi kufuga hata paka, akaanza kufuga mbwa. Waliopita walikuwa wapole. Huyu wa sasa ni balaa.

Anaitwa Boda. Ni mbwa wa kienyeji, rangi ya mchanga, sikio moja limesimama jingine limelala, umri miezi minane hivi. Jina alipewa na watoto wa mtaani kwa sababu anakimbia kama bodaboda anavyoendesha pikipiki: breki hana, anachomekea kushoto na kulia, na akikugonga anakuangalia kama wewe ndiye mwenye kosa. Saa kumi na moja alfajiri anakwangua mlango. Nikienda shambani ananitangulia, anarudi, ananitangulia tena, yaani safari yangu moja yeye kaifanya mara nne. Akiona kenge karibu na banda la kuku, hapo ndipo utajua mbio ni nini. Halafu ana ugonjwa wa kandambili. Anachukua mguu mmoja mlangoni kwa watu, anauleta kwetu kama zawadi. Wiki ya kwanza nilizunguka mtaani na kandambili za mguu mmoja mmoja kama mmachinga aliyefilisika, nabisha hodi: "Samahani mama, hii si yenu?"

Sasa sisi watu wa elimu tunamjua mbwa mmoja tu, wa Pavlov. Tumemkariri, tumemdesa, na kuna watu sapu ilitokana naye. Yule mzee wa Urusi alipata Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula, na kwenye kazi hiyohiyo akagundua kwamba mbwa akizoea kupewa chakula pamoja na mlio fulani, mwisho mlio peke yake unamtoa mate. Nikasema ngoja nijaribu, nisije nikawa mwalimu wa makaratasi. Kila jioni kabla ya kumpa ugali wake wa dona na vichwa vya dagaa, nagonga sufuria kwa mwiko mara tatu. Siku ya nne nikigonga tu, Boda anatokea hata kama alikuwa mtaa wa tatu. Nikajiona profesa. Kumbe mtaani kila mama ana sufuria na mwiko! Wakikwangua ugali, Boda huyo, anahudhuria majiko ya watu kama mjumbe wa nyumba kumi. Kwenye mtihani tuliiita ujumlishaji. Huku wanaiita usumbufu.

Nacheka, lakini kuna somo moja mbwa wote wa mtaa wanalijua na Boda hakuwa analijua. Tembea popote Dar, mbwa akikusogelea, wewe inama kama unaokota jiwe. Jiwe lenyewe si lazima liwepo. Atakunja mkia na kutokomea. Amefundishwa huyo, tena toka mdogo, kwamba mkono ukigusa chini maumivu yanafuata. Na watoto nao wamefundishwa upande wa pili wa somo hilohilo: mbwa akija, inama. Sasa Boda kalelewa ndani ya uzio wa Mamkubwa, hajawahi kupigwa jiwe hata moja. Kwake mtu akiinama maana yake ni moja, anaokota mpira.

Tarehe 21 Septemba jioni, mtoto mmoja wa darasa la tatu alikuwa anapita njia ya shambani na ndoo tupu. Mimi nilikuwa hatua kama ishirini hivi na jembe mkononi. Boda akamwona, akamwendea mbio, mkia unacheza. Mtoto akafanya alichofundishwa, akainama. Boda naye akafanya anachokijua, akaongeza mwendo, akarukia ule mkono kupokea mpira ambao haukuwepo. Jino likapita chini ya kiwiko. Mstari mwembamba kama wa wembe, lakini damu ilitoka.

Jamani, sikujua mtaa una watu wengi namna ile. Kila aliyekuja alikuja na tiba yake, huyu majivu, yule mafuta ya taa. Mamkubwa hakumsikiliza mtu. Alimkalisha mtoto kwenye kigoda, akaushika ule mkono, mimi namwaga maji, yeye anasugua taratibu kwa sabuni ya kipande, dakika 15 kamili kwa saa ya simu. Dakika 15 ni ndefu sana wakati mtoto analia na watu wanazidi kujaa. Lakini ndivyo inavyotakiwa. Kirusi cha kichaa cha mbwa kinakaa kwenye mate, na maji mengi na sabuni ndiyo mlinzi wa kwanza. Kikishaingia kinasafiri kwenye mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo. Kabla hakijafika, chanjo inakizuia. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Usiku uleule tukampeleka mtoto hospitali akaanza sindano, na Mamkubwa akafungua kile kibubu chake cha kununulia bati.

Tuliporudi, mwenyekiti wa mtaa alikuwa anatusubiri na vijana watatu wenye magongo. Hukumu ilikuwa imeshatoka: mbwa auawe. Sikuweza kuwalaumu. Duniani maelfu kwa maelfu ya watu wanakufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka, wengi ni wa Afrika na Asia, na watoto ndio wanaoumwa zaidi. Mwenye mtoto anayetembea kwa miguu kwenda shule hana sababu ya kumpenda mbwa wa jirani. Mamkubwa akaingia ndani, akafungua kabati la vyombo, akatoka na mfuko wa nailoni. Ndani kulikuwa na cheti cha ardhi, kadi zake za kliniki, na cheti cha chanjo cha Boda. Mwenyekiti akakisoma kwa tochi, akasema magongo yasubiri mpaka bwana mifugo aje.

Bwana mifugo alikuja asubuhi. Akasema cheti ni kizuri lakini hakitoshi, mbwa afungwe na aangaliwe siku kumi. Mbwa akishafikia hatua ya kutoa kirusi kwenye mate, haimalizi siku kumi kabla hajaugua na kufa. Akifika siku ya kumi mzima, maana yake siku alipouma hakuwa na cha kuambukiza. "Mkimuua leo na kumtupa shimoni," akawaambia, "mmelitupa jibu la huyu mtoto." Na sindano za mtoto ziendelee, hazimsubiri mbwa.

Basi tukaanza kuhesabu. Boda alifungwa mnyororo chini ya mkorosho. Mbwa ambaye hajawahi kukaa dakika mbili sehemu moja! Siku ya kwanza alilia mpaka sauti ikamkauka. Watu walikuwa wanapita kumwangalia kama maonyesho ya Sabasaba. Mama wa yule mtoto alikuja kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni. Salamu hakutoa. Alisimama kwenye uzio, akaangalia kama mbwa anakunywa maji, akaondoka. Alikuwa anasoma afya ya mwanawe kwenye bakuli la mbwa, na kila asubuhi nilijaza lile bakuli kabla hajafika.

Siku ya nne Boda hakula. Nilimwekea dona asubuhi, akageuza shingo. Mchana, hivyohivyo. Wadau, nimefanya mitihani mingi, nimesubiri boom mpaka nikaishi kwa maandazi, lakini sijawahi kuogopa kama siku ile. Mawazo yote yalikuwa kwa yule mtoto. Jioni mikono inatetemeka nikachukua sufuria na mwiko, nikagonga mara tatu. Sikio moja likasimama. Halafu akanyanyuka, akanyoosha mgongo, akala mpaka akalamba bakuli. Kumbe alikuwa na uchovu na joto tu. Mamkubwa alikaa chini palepale mchangani, akafuta uso kwa kanga, hakusema neno.

Siku ya tano nikasikia kuna vijana wanazungumzia sumu. Aliyewazima ni babu jirani yetu, mtu wa msikitini, ambaye mbwa akimlamba anaosha mara saba na moja kwa udongo. Alileta kiti chake, akakaa hatua kadhaa kutoka kwenye mkorosho na kikombe cha kahawa, akawasimulia kile kisa tunachokijua toka madrasa, cha mtu aliyeshuka kisimani akajaza kiatu chake maji kumnywesha mbwa mwenye kiu, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Akamalizia: "Mimi simgusi. Lakini kumuonea sikufundishwa." Kila jioni baada ya hapo alikuja na kahawa yake. Boda akawa anamsubiri, kalala, kichwa juu ya miguu. Nadhani babu ndiye aliyemfundisha kutulia, mimi na nadharia zangu zote nilishindwa.

Siku ya saba iliangukia tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Tarehe hiyo inakumbuka kifo cha Louis Pasteur, mwaka 1895. Miaka kumi kabla, Julai 1885, Pasteur aliletewa mtoto Joseph Meister, wa miaka 9, aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa, akawa wa kwanza kupona kwa chanjo yake. Miaka 9! Umri uleule wa mtoto wetu. Tumekuwa na chanjo toka enzi za kabla ya mkoloni wa kwanza kujenga Dar anayoitaka, na bado watoto wanakufa. Wataalamu wanasema mbwa 7 kati ya 10 wakichanjwa, ugonjwa unakosa pa kupita, na lengo la dunia ni kumaliza vifo vya watu ifikapo 2030. Nikazunguka mtaani kuuliza vyeti. Wenye navyo niliwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Tarehe 1 Oktoba bwana mifugo akarudi. Akamwangalia macho, mdomo, mwendo, akampa maji, akasema: mzima. Daktari naye akaamua lake kuhusu sindano zilizobaki. Mama wa mtoto alikuwepo. Kwa mara ya kwanza akanisalimia, halafu akasema, "Mwalimu, mbwa wenu ni mzima, nashukuru. Ila mkimfungua muwe naye." Nikamjibu, "Sawa mama." Alikuwa na haki ya kusema zaidi ya hapo.

Jioni ile watoto walijaa kuona Boda anafunguliwa, nikaona bora nifundishe kabisa. Andalio la somo sikuwa nalo, wala hakukuwa na mkaguzi nyuma ya darasa. Mbwa akikujia usikimbie na usiiname, simama kama mnazi, mikono chini, usimkazie macho. Anayekula au mwenye watoto usimsogelee. Akikukwaruza hata kidogo, osha kwa sabuni na useme nyumbani, hata kama unaogopa kuchapwa. Hapo kwenye kuchapwa walitazamana, nikajua ndipo penye kazi. Kuna watoto wanaficha jeraha wiki nzima kwa kuogopa fimbo.

Mtakaopangiwa TP mikoani mwakani, dakika kumi za hili somo zinatosha mstarini asubuhi, na vifaa vyake ni ndoo ya maji na kipande cha sabuni. Na wenye mbwa nyumbani, ulizeni cheti kiko wapi kabla hamjakihitaji usiku na tochi.

Jumatatu narudi Mlimani. Mamkubwa alikuwa ananiuliza jana nani atamkimbiza huyu mnyama nikiondoka. Kabla sijajibu, yule mtoto wa darasa la tatu, ambaye siku hizi anapita na ndoo yake kila jioni, akasema yeye. Mama yake kakubali, kwa sharti kwamba babu awe amekaa pale na kahawa yake.