"NILIMALIZA KUSOMA 1998"

Hebu muulizeni mtu mzima yeyote mtaani kama anasoma. Atacheka. "Mimi nilimaliza kusoma kitambo," atawaambia, na baba yangu huongeza na mwaka wenyewe: 1998. Yaani alifanya KCSE, akapata cheti, akamaliza. Lugha yetu yenyewe imetutega hapa. Aliyesoma ni mwenye cheti, anayesoma ni mwanafunzi, na mtu akishatoka shule kitenzi hicho hakimhusu tena.

Ndiyo maana ukionekana na kitabu cha hadithi swali la kwanza ni, "Hicho kinatoka kwenye mtihani?" Ukisema la, utaambiwa uache mchezo ufungue hesabu. Hata maktaba ya mji wetu hujaa Jumamosi hadi mlangoni, lakini ni sisi tu na karatasi za marudio. Rafu ya riwaya ina vumbi la kuandikia jina.

Wakubwa nao wana sababu, si ati nawasingizia. Baba hutoka saa kumi na moja alfajiri, hurudi usiku amechoka, na vichekesho viko kwenye simu tayari. Vitabu navyo vina bei. Sheria ya VAT ya mwaka 2013 ilivitia kodi ya asilimia 16, na riwaya moja siku hizi hupita bei ya pakiti tatu za unga. Nani atachagua riwaya?

Lakini anayesema watu wazima hawapendi hadithi hajamwona nyanya yangu. Yeye hakuingia darasani utotoni. Alijifunza herufi kwenye ngumbaru miaka ya themanini, baada ya serikali kuanzisha kampeni ya kufuta ujinga mwaka 1979, naye ana watoto tayari. Hana cheti cha kumaliza, basi hakumaliza! Kila kipande cha gazeti kilichofungiwa nyama hukinyoosha akakisoma, na kikiwa kimechanika katikati ya habari hukasirika kama mtu aliyepunjwa chenji.

Siku hizi macho yake yana ukungu. Kwa hivyo muhula huu nimeazima *Mzimu wa Watu wa Kale*, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyotoka mwaka 1960, nami humsomea baada ya chakula. Ni ya upelelezi: mtu ameuawa, na Bwana Msa anachunguza. Kiunguja chake hutukwaza mara nyingine, tukakisia tu tukaendelea. Nyanya humshuku kila anayetajwa, hata Bwana Msa mwenyewe.

Baba hukaa upande ule na simu yake. Wiki iliyopita niligundua ameizima sauti. Juzi nilipofunga kitabu akaniuliza, bila kunitazama, "Sasa ni nani alimwua?"

"Si ulisema ulimaliza?" nyanya akamjibu.

Baba akanyamaza, lakini hakwenda kulala.

Zimebaki kurasa chache, na Ijumaa lazima nikirudishe kitabu cha watu. Jana baba alichelewa sana kurudi. Nyanya alinikataza kukifungua mpaka afike.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu